Chagua Nyumba Moja Kariakoo

Wengi wanaotaka kuijua historia ya Kariakoo huchoka mapema kwa sababu wanaanza na Kariakoo nzima. Soko, siasa, mpira, dini, biashara na watu wa kila pembe ya nchi haviingii katika daftari moja. Ushauri wangu ni mdogo, na ninaamini ndio unaofaa: chagua nyumba moja. Iwe nyumba ya zamani iliyobaki katikati ya maghorofa, kiwanja ambacho nyumba yake ilishavunjwa, jengo unalofanyia kazi, au chumba alichopanga bibi yako alipoingia mjini mara ya kwanza. Ijue nyumba hiyo vizuri, nayo itakuonyesha mtaa. Kila aliyewahi kulala humo alikuwa na msikiti au kanisa lake, klabu yake, chama chake cha kuzikana, deni lake dukani na jirani asiyesemezana naye.

Ninakuhimiza uanze mwaka huu kwa sababu nyumba zenyewe zinakwisha. Tangu biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, ghorofa zimepanda juu ya viwanja vilivyokuwa vya vyumba sita na ua. Julai 2021 soko kuu liliungua. Novemba 2024 jengo liliporomoka na kuua watu waliokwenda kutafuta riziki. Waliokulia mitaa hiyo wamehamia Mbagala, Tabata, Gongo la Mboto na Kigamboni, na wengi wao ni wazee. Ukitaka kusikia habari za Mtaa wa Narung'ombe leo, huenda ukalazimika kupanda daladala hadi Chamazi.

Kabla ya kuuliza mtu yeyote, tembea. Jumapili asubuhi ni wakati mzuri, maana maduka mengi hayajafunguliwa na unaweza kuinua macho bila kugongwa na mkokoteni. Anzia Mnazi Mmoja. Uwanja ule haukuachwa wazi kwa bahati. Wajerumani walianza kuugawa mji kwa rangi, Waingereza wakaendeleza: Wazungu upande wa bahari, Wahindi na maduka katikati, Waafrika Kariakoo, na uwanja ukabaki kama mpaka kati ya Uhindini na Uswahilini. Vuka uwanja huo kwa miguu ukielekea magharibi, kisha utazame mitaa ilivyonyooka na viwanja vilivyofanana ukubwa. Huo ni mpango wa serikali ya kikoloni uliochorwa kwa rula, na watu waliopewa viwanja hivyo wakajenga humo nyumba kwa namna yao wenyewe.

Soma vibao vya mitaa polepole. Narung'ombe na Mahiwa ni sehemu za mkoa wa Lindi ambako Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali mwaka 1917. Katika vita hivyo makumi ya maelfu ya Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi walikufa kwa njaa, homa na kuhara, na kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, ndiyo iliyoupa mtaa wote jina lake. Mitaa mingine imebadilishwa majina, na hili litakusumbua ukianza kuzungumza na wazee. Mtaa wa Uhuru wao waliujua kama Kichwele. Lumumba ilikuwa New Street. Kipata ndio Kleist Sykes wa leo, na Tandamti umepewa jina la Mshume Kiyate, mfanyabiashara wa samaki sokoni aliyekuwa miongoni mwa wazee waliomsaidia Nyerere. Jichoree ramani ndogo yenye majina yote mawili. Bila hiyo, mzee atakuelekeza mahali ukadhani amesahau, kumbe wewe ndiye usiyejua anaposema.

Sasa simama mbele ya nyumba uliyoichagua. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ina mpango unaosomeka hata ikiwa imebadilishwa nusu. Mbele kuna baraza. Ukiingia unakuta ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha mlango wa uani. Uani kuna jiko, stoo, choo na bafu, na mara nyingi vyumba vya nyongeza vilivyojengwa familia ilipoongezeka au fedha ilipohitajika. Zamani kuta zilikuwa za miti na udongo na paa la makuti. Baadaye yakaja mabati na matofali ya saruji. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki akapangisha kimoja kimoja. Ndiyo maana nyumba moja ilikusanya Mzaramo, Mmanyema, Mluguru na Mnyamwezi, wote wakipika ua mmoja na kusikia ugomvi wa kila ndoa iliyomo.

Zipo alama za kutazama. Kama baraza limezama chini ya usawa wa barabara, huenda nyumba hiyo ilitangulia lami. Kama dirisha la chumba cha mbele limepanuliwa likawa mlango wa duka, uliza limepanuliwa lini, kwa sababu hapo ndipo chumba cha kulala kilipoanza kuleta kodi kubwa kuliko wapangaji wote wa nyuma. Hesabu mita za Luku ukutani, ujue ni watu wangapi wanajitegemea humo. Kwenye majengo ya ghorofa ya zamani, hasa kando ya Mtaa wa Uhuru na Msimbazi, inua macho hadi kwenye ukingo wa paa: baadhi yana jina la familia ya Kihindi na mwaka wa kujengwa. Mengi ya majengo ya namna hiyo yalichukuliwa na serikali mwaka 1971, pale sheria ilipotaifisha majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi zilizoyajenga zilihama nchi, lakini si zote. Waliobaki nao ni watu wa mtaa huu, na wanaulizwa mara chache mno.

Usilipite soko. Jengo lile, lililofunguliwa mwaka 1975, lilibuniwa na Beda Amuli, Mtanzania aliyekuwa msanifu majengo wakati ambapo Waafrika katika kazi hiyo walikuwa wachache sana Afrika Mashariki. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege inayokinga jua, kuruhusu hewa ipite na kukusanya maji ya mvua. Maelfu ya watu hupita chini ya kazi ya Mtanzania mwenzao bila kumjua kwa jina, na hilo linaniuma. Ukiwa na mtoto, mwonyeshe.

Kuuliza ndiyo kazi ngumu, na hapa nitakaa kidogo.

Kiwanja cha Kariakoo ni mali kubwa sana leo. Nyuma ya nyumba nyingi zilizobaki kuna mirathi isiyokwisha: watoto wa mama mbalimbali, wajukuu walioko nje, msimamizi asiyeaminiwa na ndugu, mwekezaji anayengoja. Kijana mwenye daftari akija kuuliza nani alijenga na nani mrithi, atadhaniwa dalali au mtu wa mahakamani, na kufikiri hivyo ni haki yao. Kwa hiyo usianze na umiliki. Pengine usiufikie kabisa. Historia ya watu walioishi inaweza kuandikwa bila kutaja jina lililoko kwenye hati.

Anza kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Jieleze kwa mwenyekiti au afisa mtendaji, sema unachofanya na kwa nini, omba barua fupi ya utambulisho. Karatasi hiyo itakulinda wewe, lakini zaidi itamtuliza unayekwenda kumwuliza. Kisha muulize mwenyekiti ni nani aliyewahi kuwa mjumbe wa nyumba kumi katika eneo hilo miaka ya 1960 na 1970. Wajumbe hao waliwekwa na TANU, na kazi yao ilikuwa kujua nani kahamia, nani kafiwa, nani kapigana. Aliye hai kati yao, au mtoto wake, anajua mengi kuliko faili lolote.

Nenda baada ya alasiri, jua likipungua na watu wakitoka nje. Usiende mikono mitupu. Kilo ya sukari au mkate vinatosha. Toa shikamoo, kaa pale unapoonyeshwa, na kubali kwamba siku ya kwanza ni ya kufahamiana tu. Ataanza yeye kukuuliza: wewe mtoto wa nani, kwenu wapi, baba anafanya nini. Jibu kwa ukweli na bila haraka. Anapima kama wewe ni mtu wa kuambiwa.

Ukipewa nafasi ya kuuliza, swali ninaloliamini kuliko yote ni hili: "Mzee wangu, ulipokuja mjini, ulifikia kwa nani?" Hakuna aliyekuja Dar es Salaam akafikia hewani. Alifikia kwa mjomba aliyekuwa kuli bandarini, kwa shangazi aliyeuza vitumbua, kwa mtu wa kijiji chake aliyepanga chumba Mtaa wa Swahili. Jibu lake litakupa jina la mtu, kazi, mtaa na njia iliyomleta. Ukimuuliza mwenyeji wake huyo naye alifikia kwa nani, umepata vizazi viwili. Baada ya hapo uliza mambo ya chumba: mlilala wangapi, maji mlichota wapi, kodi mlilipa kwa nani na siku gani, taa ilikuwa ya namna gani, nani alifagia ua. Mtu akikumbuka zamu ya kufagia, anakumbuka na waliogoma kufagia, na hapo majina ya wapangaji wote yanatoka.

Mpira nao hufungua midomo haraka. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote katika mitaa hii, na mpaka leo jengo la Yanga liko Jangwani na la Simba Mtaa wa Msimbazi. Mzee anayeita Simba kwa jina la Sunderland anakupa na umri wake, maana jina hilo liliachwa mwaka 1971. Muulize nyumba ile ilikuwa ya upande gani, na siku ya mechi waliosalia nyumbani walisikilizia redio ya nani. Kama si mtu wa mpira, uliza muziki: katika vikundi vya taarabu nani alikuwa Egyptian, nani Al-Watan, dansi alikwenda kucheza ukumbi gani, nguo alishonewa na fundi gani.

Miaka usiidai. Mtu wa kawaida haiweki maisha yake kwa tarakimu, na ukimbana atakupa mwaka wowote ili umwache. Muulize tukio hilo lilikuwa kabla au baada ya jambo linalojulikana. Kabla ya uhuru wa 1961? Wakati wanajeshi walipoasi Januari 1964 na maduka yakavunjwa? Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967? Walipochukua majumba, 1971? Vijana walipokwenda vita vya Kagera, 1978 na 1979? Wakati wa msako wa wahujumu uchumi, 1983, watu walipotupa sabuni na vitenge usiku? Rais Mwinyi alipoingia madarakani, 1985? Mvua za El Nino, 1997? Kwa vigingi hivyo utaweza kupanga karibu kila kumbukumbu ndani ya miaka miwili au mitatu, na hiyo inatosha kwa historia ya nyumba.

Wanawake usiwaache wawe watu wa kuleta chai. Baraza la mbele ni la wanaume, na habari za baraza ni mikutano, viongozi na mpira. Uani kuna habari nyingine: nani alizaliwa chumba kipi na kwa mkono wa mkunga gani, nani aliuza maandazi yakamsomesha mtoto hadi chuo, mpangaji gani alifukuzwa na kwa sababu gani hasa. Hata siasa ilipita huko. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuongoza akina mama wa TANU mwaka 1955, na mtandao wa vikundi vya ngoma vya wanawake ndio uliokiletea chama wanachama wengi jijini. Ukiwa mwanamume, nenda na dada yako au rafiki wa kike, na yeye ndiye aongoze mazungumzo ya uani.

Utasikia habari mbili zinazopingana kuhusu jambo moja. Ziandike zote, na jina la aliyesema kila moja kama ameruhusu. Usiziunganishe ziwe moja ili zipendeze. Wala usimwambie mzee kwamba mwenzake amesema tofauti. Unaweza kuamsha jambo lililozimwa miaka arobaini. Na akikwambia "hilo tuliache", liache, hata kama ndilo ulilolitaka kuliko mengine yote.

Nyumba kubwa za historia zinavuta macho, na ni sawa kuzifuata. Katika Mtaa wa Lumumba ndipo TANU ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, kwenye ofisi ya chama kilichotokana na African Association ya mwaka 1929, ambayo Kleist Sykes alikuwa katibu wake. Mohamed Said ameandika kwa kirefu kuhusu familia ya Sykes na wazee wa Dar es Salaam ambao vitabu vya shule viliwataja kwa shida, na kazi yake imetufundisha wengi mahali pa kutazama. Lakini wajumbe wa mikutano ile walilala mahali, walikula kwa mtu, nguo zao zilifuliwa na mtu. Nyumba za nyuma ya Lumumba zinaweza kuwa na majibu hayo, na hakuna aliyeyakusanya yote.

Karatasi uzitafute baada ya kusikiliza, ukishajua unatafuta nini. Nyingi ziko chini ya kitanda: kadi ya TANU, risiti za pango, barua kutoka kijijini, kadi za harusi, picha za studio. Igeuze kila picha. Mara nyingi nyuma kuna muhuri wa studio, tarehe au maneno mawili ya kalamu. Piga picha ya picha hapo hapo mbele ya mwenyewe, mchana, kando ya dirisha, bila kuondoka nayo hata kwa saa moja. Hati ya kiwanja usiipige picha, hata ukiruhusiwa. Nakala ikizagaa inaweza kumletea mwenye nyumba matapeli, na wewe ndiwe utakayekuwa umewaletea.

Nje ya nyumba, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Mtaa wa Vijibweni, na ina mafaili ya serikali ya Wajerumani na ya Waingereza kuhusu mji. Uliza kwanza utaratibu wa kibali, jipe subira, na nenda na swali finyu, kwa mfano mtaa mmoja na miaka kumi. Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zina magazeti ya zamani. Ukibahatika kupata Mambo Leo, lililoanza 1923, au Kwetu, gazeti alilolianzisha Erica Fiah mwaka 1937, soma barua za wasomaji na matangazo kabla ya habari kubwa. Humo utakuta bei, malalamiko ya kodi, misiba na ugomvi wa klabu, na wakati mwingine jina ulilolisikia uani.

Na watu wa leo usiwaruke. Muuza mabegi aliyepanga chumba cha mbele alitoa kilemba kiasi gani, na kwa nani? Kuli anayesukuma mkokoteni hupita mitaa ipi ili akwepe foleni? Mama lishe wa kona ile huanza kuchemsha maharage saa ngapi, na wateja wake wa Kikongo na wa Kizambia wamemzoesha kupika nini? Baada ya miaka 30 maswali haya yatakuwa na uzito uleule wa maswali unayowauliza wazee sasa, na waliojibu huenda hawatakuwepo.

Rekodi sauti kwa simu ukiomba ruhusa kila mara, si mara ya kwanza tu. Zima feni kama mwenyeji haoni taabu, maana feni humeza maneno. Jioni ile ile sikiliza tena na uandike, kwa sababu keshokutwa hutatambua ni nani aliyekohoa na nani aliyecheka. Andika alivyosema, kwa Kiswahili chake, usikinyooshe. Usiweke mtandaoni namba ya kiwanja, sura ya mtu asiyeruhusu, wala ugomvi wa ndugu.

Kisha rudisha. Chapisha kurasa chache, hata 15 zinatosha, pamoja na picha, na nakala ya kwanza uipeleke kwa waliokupokea. Wasomee kwa sauti. Wapo wasioona vizuri, na wapo watakaokusahihisha palepale. Hakuna hatua inayovuta habari nyingi kama hiyo, kwa hiyo nenda na kalamu. Baada ya masahihisho, nakala moja iache ofisi ya serikali ya mtaa, na nyingine umpe mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeingia madarasani, na mwalimu wa Kariakoo anahitaji mfano ambao wanafunzi wake wanaweza kwenda kuutazama kwa macho wakati wa mapumziko. Mwombe akuruhusu urudi darasani na mmoja wa wazee wako, na umwachie mzee azungumze.